Shimo la Tano katika Picha Namba Saba

Tarehe 17 Julai 1996, siku ya Jumatano, Huzaifa Magidu aliandika hivi katika daftari la kazi la studio ya picha iliyoko barabara ya Mpondwe, mjini Bwera, karibu na mpaka wa Kongo: "Picha namba 7. Kichwa kimoja. Jonan Masereka wa Muhokya. Pasipoti. Imekatwa." Daftari bado lipo. Wino ni wa bluu, mwandiko ni wake, naye hakatai.

Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kukata vichwa ilikuwa kazi yake ya kila siku. Studio ile haikuwa na kamera ya kutoa picha nne za pasipoti kwa mkupuo mmoja. Mteja aliketishwa kwenye kiti, akapigwa picha moja kubwa mikono ikiwa magotini, kisha uso ukatolewa kwa mashine ya chuma yenye mkono. Unaiweka picha, unabana mara moja, kipande cha mraba kinadondoka mezani. Mteja aliondoka na uso. Studio ilibaki na suti, mikono na magoti, na katikati ya karatasi shimo. Masalia hayo Huzaifa aliyapanga katika maboksi ya viatu. Hakuna mteja aliyewahi kuyarudia.

Lakini kichwa cha picha namba saba hakikutoka kwa mteja aliyeketi kwenye kiti. Kilitoka ukutani.

Mwenye studio, marehemu Kasim, alikuwa na picha kumi na mbili za mwaka 1956, mwaka ambao garimoshi lilifika Kasese. Mpiga picha mmoja, ambaye hakuacha jina, alipanda juu ya behewa la mizigo, akasimamisha kamera yake ya miguu mitatu, akapiga, akaigeuza kidogo, akapiga tena, mpaka alipoifikisha mahali alipoanzia. Alipata umati, mahema, kibao cha stesheni, mlima, na umati tena. Vioo alivyopigia, vilivyotumika kama filamu, vilivunjika zamani. Seti moja tu ya karatasi ilibaki, na Kasim aliinunua Fort Portal pamoja na mashine ya kusafishia picha. Aliitundika studio kwa mstari mmoja ili kuvutia watu.

Ilivutia watu, ila si kwa namna aliyoitaka. Wakulima ambao maisha yao yote hawakuwahi kusimama mbele ya kamera walikuwa wamepigwa picha siku ile bila kujua. Mmoja wao alipofariki, na familia ikataka uso wa kuweka kwenye msalaba, watoto walikuja Bwera, wakatembea taratibu kando ya ukuta kidole kikiwa hewani, mpaka mmoja aseme, "Huyu hapa." Kunakili picha kulihitaji filamu, na filamu ilibidi kwanza iishe, kisha isafirishwe, kisha isubiriwe. Wiki mbili, pengine tatu. Mashine ilichukua sekunde moja. Kasim alikuwa na sheria moja ya biashara: mteja asisubiri. Kwa miaka kumi na moja vichwa vitano vilikatwa kutoka kwenye ukuta ule. Vinne vilikuwa vya msiba. Cha tano kilikuwa cha Jonan.

Jonan Masereka, dereva wa lori, alikuwa ameambiwa na ofisi moja mjini Kasese kwamba lugha yake ni ya Kongo na kwamba, ili apewe karatasi za uraia, athibitishe baba yake alikuwa upande huu wa mpaka. Baba, Yonasani Bwambale, alifariki mwaka 1959. Jonan alikuwa na miaka minane wakati huo, na aliukumbuka uso. Aliukuta katika picha namba saba, umbali wa hatua kumi kutoka kwenye behewa, na nyuma yake kibao cha stesheni kilichoandikwa KASESE kwa herufi ambazo hata mtu asiyeona vizuri angezisoma.

Ushahidi mzuri kuliko huo ni vigumu kuupata. Lakini fomu ilikuwa na mraba mdogo wenye maneno "bandika picha ya pasipoti hapa", na karani alikuwa amesema kwamba picha kubwa hazipokelewi. Jonan alimwambia Huzaifa akate. Huzaifa aliuliza mara moja, "Na kibao?" Jonan akasema, "Hawataki kibao. Wanataka uso." Huzaifa akabana.

Kipande kilichodondoka kilikuwa na kichwa kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, shingo, na ukingo wa mwavuli wa jirani. Kibao kilibaki Bwera. Ofisi ilikataa maombi. Jonan alivuka daraja la Mpondwe mwezi uliofuata, akaishi Kasindi, upande wa Kongo, ambako ofisi ilisema ndiko kwao. Hakurudi.

Dada yake, Edisa Kabugho, hakumsemesha Huzaifa kwa miaka ishirini na saba.

*

Huzaifa aliirithi studio mwaka 2009, Kasim alipofariki, miaka michache kabla ya simu kuiua. Kwanza zilikufa picha za harusi, kisha za ubatizo na maulidi, mwishoni hata za pasipoti. Alibaki akichapisha kadi na kurudisha rangi katika picha zilizokunjwa. Ndipo alipojifunza kuunganisha. Alianza na harusi: anapiga picha nane akizunguka papo hapo, anazishona kwenye kompyuta, bibi harusi anavaa miwani ya kutazamia, anageuza kichwa na kuwaona wageni wote wakiwa wamemzunguka. Watu waliipenda kwa mwezi mmoja. Mke wake, Mayimuna, hakuipenda hata siku moja.

"Unatengeneza dunia ya kutazama huku umekaa," alimwambia. "Na paa letu nalo lishone, basi."

Februari 2023 alikuja Ronnie Thembo, kijana wa miaka thelathini na moja aliyesomea utalii, meneja wa ukumbi mpya uliokuwa ukijengwa Kasese, pembeni mwa barabara wanayopita watalii waendao Mweya kutazama wanyama. Ukumbi ni wa duara. Ronnie alitaka ukuta wake wote uwe picha moja ya zamani, ya kitambaa, mita thelathini na moja kuzunguka, ili mgeni asimame katikati na ajione yuko mwaka 1956. Alikuwa amesikia kuhusu picha kumi na mbili. Alizitazama ukutani kwa dakika moja hivi, kisha akauliza, "Mzee, haya mashimo ni panya?"

"Ni mimi," Huzaifa alisema.

Kazi ilichukua mwaka mmoja na nusu. Picha za zamani hazishonwi kama za harusi. Kila moja inaingia katika jirani yake kwa theluthi, na katika theluthi hiyo kila kitu lazima kikubaliane: mlingoti, kivuli, ukingo wa hema. Mpiga picha alitumia labda nusu saa kuzunguka, na kwa nusu saa jua lilisogea, na watu pia. Mwanamume mmoja mwenye mwavuli mweusi yumo katika picha namba sita, saba na nane. Alikuwa akiifuata kamera. Huzaifa aliwaacha wote watatu. Ronnie alilalamika kwamba wageni watacheka.

"Wacheke," Huzaifa alijibu. "Alikuwepo mara tatu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake: kilichoonwa na kamera kibaki, kisichoonwa kiachwe kijivu. Juu ya picha hapakuwa na anga ya kutosha, akaiacha ififie. Ronnie aliijaza anga kwa programu ya kompyuta, na mawingu yakawa mazuri kuliko ya Kasese. Wakabishana wiki nzima. Ronnie akashinda, kwa sababu ukumbi ni wake. Huzaifa alishinda jambo moja tu: mashimo matano yasijazwe mpaka yeye atafute nyuso halisi.

Alizitafuta kwa pikipiki yake mwenyewe. Uso mmoja ulikuwa Kahendero, kwenye kijiji cha wavuvi, umebandikwa ndani ya kifuniko cha kopo la biskuti pamoja na kadi ya ubatizo. Mwenye kopo alikubali unakiliwe bila kutolewa. Mwingine ulikuwa bado kwenye msalaba wa makaburini, chini ya kioo, umeliwa na unyevu nusu lakini macho yanaonekana. Nyuso nyingine mbili zilikuwa Bwera kwenyewe, ndani ya fremu, nyumba mbili kutoka msikitini. Desemba 2023 alikuwa na nyuso nne.

Kwa ajili ya uso wa tano alikwenda Muhokya, nyumbani kwa Edisa.

Edisa ana umri wa miaka sitini na tisa. Kabugho ni jina analopewa binti wa tatu. Wawili waliomtangulia hawakuishi, na Jonan alikuwa kaka yake pekee. Baba alipofariki, Edisa alikuwa na miaka minne. Anakumbuka koti lake na harufu ya moshi ndani ya koti. Uso haukumbuki. Ulipokuwa ukutani Bwera hakuwahi kuuona, na tangu 1996 hakuna mahali pa kuutazama.

Alikuwa akichambua maharage uani. Hakumkaribisha mgeni kiti.

"Fundi wa vichwa," alisema. "Nimesikia unashona siku hizi."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikata baba yangu kama nyama ya Idi, unagawia serikali. Leo umekuja kuchukua nini? Miguu?"

Huzaifa alieleza. Edisa aliendelea kuchambua. Alipomaliza ungo mzima aliuliza swali moja: huo uso ukipatikana, yeye ataonyeshwa?

"Utakuwa wa kwanza."

"Basi tafuta," Edisa alisema. "Nataka kumuona kabla sijamufuata. Nikifika kule nitamujuaje?"

Ofisi ya Kasese haikuwa na faili. Karani wa sasa alizaliwa baada ya fomu ile kujazwa. Alitafuta kwa adabu, akasema majalada ya miaka ile yaliharibika. Kasindi, Huzaifa aliulizia sokoni kuhusu dereva wa lori aitwaye Jonan, akaambiwa kuna watatu, na mmoja alikwisha fariki. Hakufuatilia zaidi ya hapo. Anakiri kwamba alichoka.

*

Kitambaa kilitakiwa kwenda kuchapishwa Kampala mwezi Juni 2024. Shimo moja lilikuwa limebaki, na lilikuwa mbele, usawa wa macho ya mgeni.

"Huyu mtu ana wajukuu?" Ronnie aliuliza.

"Ana. Watoto wa binti yake."

"Niletee sura zao."

Huzaifa alijua maana ya ombi hilo. Alikwenda Muhokya hata hivyo, akawapiga picha watoto wawili wa kiume wa Edisa, wanaume wazima, mbele, kushoto na kulia. Mama yao aliuliza za nini. Alisema ni za kulinganishia. Neno hilo, kulinganishia, ndilo analolitaja kwanza anaposimulia, kabla hata ya mashine ya kukatia.

Programu ilichanganya sura mbili, ikazipa umri wa miaka ishirini na mitano, ikazipa mwanga wa 1956 na chembechembe za karatasi ya zamani. Ilichukua dakika nne. Mwanamume aliyejitokeza shimoni alikuwa mzuri, mwenye pua iliyonyooka, akitazama kamera kama mtu aliyeahidiwa kitu. Ni yeye peke yake, kati ya watu mia tatu na kumi na wawili, asiye na jua machoni.

Agosti kitambaa kilitundikwa, na Edisa akaletwa. Aliingia, akasimama katikati ya duara kama alivyoelekezwa, akaanza kugeuka polepole. Alipita mahema. Alipita mlima. Alimwona mwenye mwavuli akacheka, "Huyu naye anatufuata!" Kisha akafika sehemu ya saba.

Alitembea mpaka ukutani na kuweka kiganja kwenye kitambaa.

"Ni yeye," alisema. "Angalia pua. Ni ya mutoto wangu wa kwanza. Ile ile." Kisha, bila kugeuka: "Mulimupata wapi?"

"Mashine ilimtafuta, Mama," Ronnie alisema.

Edisa alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti na kwa maneno, akimweleza baba yake habari za miaka sitini na mitano: nani alizaliwa, nani alikufa, Jonan alikwenda wapi. Huzaifa alikuwa hatua tatu nyuma yake. Alikuwa na nafasi ya kusema. Hakuitumia.

Ronnie alimpa Edisa nakala ndani ya fremu. Familia ikaagiza kigae chenye sura hiyo, ikakiweka kaburini siku ya Jumapili, baada ya ibada. Wiki iliyofuata gari la mizigo lilisimama mbele ya studio Bwera, likashusha mkungu wa ndizi na gunia la maharage. Dereva alisema ni salamu kutoka Muhokya, kwa Fundi. Si fundi wa vichwa tena. Fundi tu.

Mayimuna aliyapika yale maharage. Alimwona mumewe anasukuma sahani.

"Yana mawe?" aliuliza.

"Hayana. Yamechambuliwa vizuri."

*

Siku ya soko, katikati ya Septemba, mwanamke kijana alivuka daraja kutoka Kasindi akiwa na fungu la vitenge kichwani, akaulizia studio. Jina lake Ronah, umri wake miaka ishirini na minane. Aliweka vitenge chini, akatoa bahasha kifuani.

"Muzee, ni weye Huzaifa wa mapicha?"

"Ni mimi."

"Miye niko mutoto wa Jonan. Papa alikufaka, iko miaka mbili sasa. Alisemaka: hii kitu peleka Bwera kwa ule mutu alinikatiaka, arudishe kwenye alitoa."

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne. Ofisi haikuwa imeipoteza. Ilikuwa imemrudishia Jonan, naye aliitunza hadi alipokufa. Pembeni, kwa Kiingereza na kwa kalamu nyekundu, afisa alikuwa ameandika sababu ya kukataa: uso huu unaweza kuwa wa mtu yeyote, popote, hakuna kinachoonyesha alikuwa Kasese. Na ndani ya mraba, umebanwa kwa pini iliyoshika kutu, ulikuwamo uso.

Haukufanana na wa kitambaani hata kidogo. Ulikuwa mfupi, wenye taya pana na masikio yaliyojitokeza kama mikono ya chungu. Macho yalikunjwa kwa jua. Kinywa kilikuwa wazi nusu. Mtu yule alikuwa akimwambia mwenye mwavuli jambo fulani. Huzaifa aliinua macho akamtazama Ronah, na hakuhitaji kulinganisha na kitu kingine. Masikio yalikuwa yale yale.

Alimpigia Ronnie simu siku hiyo hiyo.

"Mzee, kitambaa kimeshatundikwa," Ronnie alisema. "Kibao cha maelezo kimeshachongwa. Familia imeridhika. Mtu mmoja kati ya mia tatu na kumi na wawili."

"Si yeye."

"Nani analalamika?"

Huzaifa hakuwa na jina la kutaja. Ronnie akasema, bila ubaya, kwamba kama familia yenyewe itakuja na kuomba ibadilishwe, atachapisha kiraka na kukishona juu. Familia, alirudia. Si fundi.

Kesho yake Huzaifa aliitoa picha namba saba ukutani, akaifunga kwa gazeti, akampakia Ronah kwenye pikipiki, wakaenda Muhokya.

Edisa alimtambua mtoto wa kaka yake kabla hajaambiwa jina. Alimshika mabega, akamzungusha kama nguo sokoni, akapiga kigelegele. Kisha akamkaripia kwa kuchelewa miaka ishirini na minane. Bundu, ugali wa muhogo, ilisongwa, samaki wa Kahendero wakaletwa, na Ronah aliambiwa ale kwanza, habari baadaye. Ukutani, juu ya kochi, mwanamume wa kwenye fremu aliwatazama wote. Huzaifa alipewa kiti, na maji ya kunawa yalipitishwa kwake kabla ya wengine.

Chakula kilipoondolewa, alifungua gazeti.

Aliilaza picha namba saba mezani, shimo likiwa wazi. Alikichukua kipande kwa koleo ndogo, akakishusha ndani ya shimo. Kiliingia. Kingo zilikutana pande zote nne, bila ufa. Mwavuli, uliokuwa umekatika tangu 1996, uliungana ukawa mstari mmoja. Nyuma ya mtu mwenye masikio, kibao kilisomeka KASESE.

Edisa alitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Baba yako, Mama."

"Baba yangu iko pale." Alionyesha fremu kwa kidevu.

"Yule ni watoto wako. Zile picha nilizowapiga. Mashine iliwachanganya."

"Ulisema ni za kulinganisha."

"Nilisema."

"Na siku ile mimi nalia mbele yako, ulijua?"

"Nilijua."

Ronah alikuwa ameinama juu ya meza, akimtazama babu yake katikati ya watu wake kwa mara ya kwanza. "Shangazi," alisema taratibu, "Papa alisemaka hivi hivi: masikio. Alikuwa anatuchekeleaka, eti sisi wote tunabeba masikio ya muzee."

"Nyamaza, mutoto." Edisa hakupaza sauti. Alikuwa bado anamtazama Huzaifa. "Wewe ulikata baba yangu, kaka yangu akapotea. Nimekaa bila uso miaka yote hii. Umenipa mumoja. Nimemulilia, nimemuweka kwa kaburi, wajukuu wanamuombea kila usiku wakimuangalia. Sasa umekuja na mashine yako tena, unataka nimukate?"

"Si kukata, Mama. Nataka kurudisha."

"Rudisha kwako." Aligusa kipande kwa ncha ya kidole, kikatoka kidogo kwenye shimo lake. "Hii sura inaweza kuwa ya mutu yeyote. Popote."

Edisa hajui kusoma Kiingereza, na fomu hakuwa ameonyeshwa. Labda Jonan aliyarudia maneno hayo nyumbani siku aliyokataliwa. Labda ni maneno yanayomjia mtu yeyote. Ronah alivuta kitambaa chake cha kichwa kikashuka mpaka kikafunika masikio, akaanza kukusanya vikombe.

Huzaifa alimwomba Edisa amruhusu angalau kumwambia Ronnie.

"Mwambie," Edisa alisema. "Akiniuliza, nitamuambia wewe ni muongo. Si ni kweli?"

Huzaifa aliifunga picha, akanawa, akaaga. Hakusindikizwa.

*

Ronah alilala Muhokya siku mbili. Alivuka daraja kurudi Kasindi akiwa na kuku wawili, nakala moja ya sura ya kwenye fremu aliyopewa na shangazi yake, na nambari ya simu ya Huzaifa. Alipopita studio, kipande cha 1996 alikataa kukichukua. Alisema alitumwa kukileta, na amekileta.

Sasa kimo ndani ya picha namba saba, kimeshikwa kwa nyuma na ukanda wa karatasi na gundi ya unga wa muhogo, kazi safi ambayo huwezi kuiona mpaka uinamishe picha kwenye mwanga. Picha hiyo ina kila kitu ambacho afisa wa Kasese alikihitaji: mtu, behewa, kibao, mwaka. Haina wa kupelekewa. Imetundikwa mahali pake, kati ya namba sita na namba nane. Wateja wanaoingia studio siku hizi, wachache, huwa wanatazama simu zao.

Katika daftari la kazi, chini ya ukurasa wa Julai 1996, kuna mstari mpya wa Septemba 2024 kwa kalamu nyeusi: "Picha namba 7. Kichwa kimoja. Kimerudishwa." Sehemu ya saini ya mteja haina kitu.

Ukumbi wa Kasese unafunguliwa Jumatano, tarehe 9 Oktoba, Siku ya Uhuru, saa nne asubuhi. Edisa Kabugho atazungumza kwa niaba ya familia za watu walio katika picha. Huzaifa Magidu ameajiriwa kuwaongoza wageni. Atawazungusha kutoka kushoto kwenda kulia, na wakifika sehemu ya saba atawasomea jina la Yonasani Bwambale kama lilivyochongwa kwenye kibao.